Kilo zimekaa wapi: shajara ya kupanga uzito wa Impreza WRX

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, bodi ya GDA, injini ya EJ20 yenye tabo, giaboksi ya mkono ya gia tano. Nalikimbiza kwenye mashindano madogo ya vumbi nje ya Arusha, na kwa misimu miwili limenisumbua kwa jambo moja: nikiingia kona kwa kasi, pua inakimbia nje. Nakata usukani, tairi za mbele zinalia, gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda. Nimeshabadilisha tairi, nimeshapima alaimenti mara tatu, nimeshasikiliza ushauri wa kila mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kila tairi inabeba kilo ngapi, na mimi mwenyewe sikuwa najua. Mradi huu unaanzia kwenye swali hilo. Nitaandika kila hatua ikimalizika, pamoja na gharama, ili mwenye gari kama hili afuate au aache anapoona nimekosea.

3 Februari 2024: mizani ya kwanza

Mizani maalumu za kupimia magari ya mashindano, nne kwa pamoja, bei yake inakaribia kununua injini nyingine. Nikaenda soko la Kilombero kwa mama mmoja anayeuza nafaka. Ana mizani za jukwaa za dijitali, zile za kupimia magunia. Nikamweleza ninachotaka. Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu, hizi hupima mahindi. Ukiniharibia utanilipa?" Nikamwambia nitalipa. Akanikodisha nne kwa Sh 5,000 kila moja.

Gereji yetu iko Unga Limited. Tulipandisha gari kwa jeki, tukasukumia mizani chini ya kila tairi, tukashusha. Za nyuma zilisoma vizuri. Za mbele zilionyesha vistari tu. Mizani hizo mwisho wake ni kilo 300, na tairi ya mbele ya gari hili inazidi hapo kwa mbali. Hesabu hii ningeweza kuifanya nimekaa nyumbani: gari la karibu kilo 1,400, zaidi ya nusu yake mbele, gawa kwa mbili. Ukitaka kukodi, dai za kilo 500. Siku imepotea, Sh 20,000 nazo zimekwenda.

11 Februari: namba zilizodanganya

Mama wa nafaka alinipatia mizani za kilo 500 kutoka kwa jirani yake wa sokoni, Sh 10,000 kila moja kwa siku. Kwenye siti ya dereva tukaweka gunia la mahindi la kilo 78, uzito wangu nikiwa na helmeti. Tanki nusu. Upepo wa tairi sawa pande zote. Tukapata hivi, kwa kilo:

Mbele kushoto 468, mbele kulia 398
Nyuma kushoto 249, nyuma kulia 349

Jumla 1,464. Nilifurahi sana, nikadhani nimeupata ugonjwa siku ya kwanza. Tazama mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia zinabeba 817, yaani asilimia 55.8 ya gari lote. Nikaanza kuwaza fremu imepinda, springi imechoka, ajali ya zamani huko Japani.

Aliyeniokoa ni fundi ujenzi aliyekuwa anapaka lipu ukuta wa jirani. Alituona tunazozana, akaja na mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoona ndani, tukapima sakafu penye kila mizani. Pembe ya mbele kushoto iko juu kuliko nyingine tatu kwa milimita 25. Kwa macho huoni kitu. Lakini gari limesimama kwenye springi nne na stebolaiza mbili (fito za chuma zinazounganisha upande wa kulia na wa kushoto, moja mbele, moja nyuma), na ukiinua pembe moja kwa milimita 25, pembe hiyo na ile ya mshazari wake zinabebeshwa mzigo wa zile nyingine.

Jambo la kushika hapa, maana limenisaidia mpaka leo: sakafu mbaya inaharibu namba za mshazari, lakini haiharibu jumla ya mbele, jumla ya nyuma, wala jumla ya kila upande. Jumlisha mwenyewe hapa na kwenye vipimo vya wiki inayofuata uone.

17 Februari: namba za kweli

Tulikata vipande vya mbao na bati, tukasawazisha mizani zote nne kwa mpira wa maji mpaka tofauti ikabaki chini ya milimita 1. Juu ya kila mizani tukaweka bati mbili zilizopakwa grisi katikati, ili tairi iteleze kidogo upande gari linaposhuka kutoka kwenye jeki. Bila grisi hiyo tairi inang'ang'ania, springi haikai mahali pake, na kila ukipima unapata namba nyingine. Kisha tukalibonyeza gari mara tano mbele na mara tano nyuma kabla ya kusoma.

Mbele kushoto 431, mbele kulia 436
Nyuma kushoto 285, nyuma kulia 312

Jumla ileile, 1,464. Mbele 867, nyuma 597. Mshazari 50.8 kwa 49.2, karibu sawa kabisa. Fremu ni nzima. Ugonjwa uko kwingine: asilimia 59.2 ya gari iko mbele.

Kwa nini Subaru iko hivi? Fungua boneti uangalie. Injini ya boksa imelala, silinda mbili kulia, mbili kushoto, na hilo ni jema kwa sababu uzito unakaa chini. Lakini difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za mbele, imo ndani ya giaboksi, na giaboksi imefungwa nyuma ya injini. Shafti za tairi za mbele zinatokea kwenye giaboksi hiyo. Kwa hiyo injini nzima inaning'inia mbele ya mstari wa ekseli. Toyota 86 iliyotoka 2012 ina injini ya boksa iliyotengenezwa na Subaru hao hao, lakini ni gari la kusukumwa na tairi za nyuma. Halina difu ya mbele, hivyo injini iliwezekana kurudishwa nyuma na kushushwa chini, na mgawanyo ukawa 53 kwa 47. Porsche 911 ni kinyume chetu: injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Linapotoka kwenye kona tairi za nyuma zinashika kama kucha, ila ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ndio unaotaka kutangulia.

Uzito mwingi mbele hausaidii tairi za mbele kukata kona, ingawa wengi wanafikiri hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mzigo unaongeza mshiko, ni kweli, lakini si kwa kiwango kilekile. Ukiibebesha tairi mzigo mara mbili, mshiko unaongezeka pungufu ya mara mbili, huku kazi ya kugeuza ule uzito ikiwa imeongezeka mara mbili kamili. Tairi zilizobebeshwa zaidi ndizo zinazochoka kwanza.

Kesho yake tulikwenda uwanja wa vumbi upande wa Kisongo kuweka kipimo cha kuanzia. Majaribio mawili, yaleyale kila mara: duara la nusu kipenyo cha mita 30, na msururu wa ndoo nane zilizopangwa kila mita 15. Mara tatu kila jaribio, nachukua wastani. Duara: sekunde 15.1. Ndoo: sekunde 12.4.

9 Machi: tulipunguza kilo, pua ikaongezeka

Hii ndiyo kazi ambayo kila mtu huanza nayo. Tulitoa spea tairi, jeki na vifaa vyake (kilo 18), tukatoa siti ya nyuma (kilo 17). Kilo 35 nje, gharama hakuna.

Mizani: mbele 868, nyuma 561. Jumla 1,429.

Soma tena namba ya mbele. Ilikuwa 867. Tumetoa kilo 35 kwenye gari na tairi za mbele zimeongezewa kilo 1. Fundi wangu alisoma mara mbili akaniambia, "Bosi, tumepunguza mkia, pua tumeiacha." Spea tairi imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ilikuwa inakandamiza mkia na kuinua pua kidogo, kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao. Ukimshusha mtoto, upande wa pili unashuka. Mgawanyo umetoka 59.2 ukawa 60.7 mbele.

Uwanjani gari lilichomoka haraka zaidi nikikanyaga mafuta, hilo nililisikia. Lakini duara likawa sekunde 15.2. Jepesi zaidi, na polepole zaidi kwenye kona. Ndoo hazikubadilika.

13 Aprili: betri, na kosa ambalo lingeweza kuchoma gari

Masika yameanza, uwanja ni tope, hakuna majaribio. Muda huu tuliutumia kuhamisha betri. Betri ya kilo 16 inakaa mbele kushoto, nyuma ya taa. Tumeipeleka kwenye buti upande wa kushoto, kwa sababu dereva anakaa kulia. Inatoka karibu na ekseli ya mbele, inapita ekseli ya nyuma na kwenda nyuma yake. Ndiyo maana betri ya kilo 16 inapunguza kilo 19 mbele: ile bembea tena, safari hii inatufanyia kazi.

Waya ndio ulioniponza. Nilinunua waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita 6 kwa Sh 9,000 kila mita, kwa sababu ulionekana mnene na ulikuwa rahisi kupinda. Tukaupitisha chini ya kapeti upande wa dereva. Gari liliwaka, lakini stata ilizunguka kwa uvivu. Tukapima wakati wa kuwasha: betrini volti 10.9, statani volti 9.6. Volti 1.3 zimepotea njiani, zimegeuka kuwa joto kwenye waya.

Kabla hatujaamua la kufanya, mdogo wangu aliingia kwenye siti ya dereva na kuisukuma nyuma. Nilisikia mlio mkali, mara moja, kama mtu amevunja kijiti kikavu karibu na sikio. Mwanga wa buluu ukatoka chini ya siti, kisha harufu ya plastiki. Reli ya siti ilikuwa imeubana waya na kukata ganda lake mpaka kwenye shaba, na chuma cha siti kimeunganishwa na bodi. Mdogo wangu akaruka nje. Fundi alikuwa na spana namba 10 mkononi, akakimbilia kwenye buti akafungua teminali ya hasi. Pengine ilimchukua sekunde sita. Kapeti lilikuwa limeshaungua mviringo wa ukubwa wa kikombe.

Hakukuwa na fyuzi. Niliacha kuiweka kwa sababu betri ilipokuwa mbele haikuwa na fyuzi kwenye waya wa stata, nikadhani ni sawa. Si sawa. Ule waya wa mbele ulikuwa mfupi, na haukupita chini ya miguu ya mtu. Nilikaa nje ya gereji jioni ile nikiwaza mdogo wangu angekuwa amefungwa mkanda barabarani, na tanki liko chini ya siti ya nyuma.

27 Aprili: betri, mara ya pili

Waya wa milimita za mraba 50, mita 6 kwa Sh 28,000 kila mita. Fyuzi kubwa imefungwa sentimita 20 kutoka kwenye betri, kabla waya haujagusa chuma chochote. Waya umepita pembeni kwenye kizingiti cha mlango, mbali na reli za siti, ndani ya bomba la plastiki, na kila unapotoboa bati kuna mpira wa kuulinda. Waya wa hasi ni mfupi, umefungwa kwenye bodi palipokwanguliwa rangi mpaka chuma cheupe, kisha pakapakwa grisi pasishike kutu. Betri iko ndani ya boksi lenye kifuniko na mpira wa kutolea hewa nje ya gari, maana betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni. Safari hii nilimlipa fundi umeme wa magari Sh 60,000 na sijutii hata shilingi.

Wakati wa kuwasha: betrini 10.9, statani 10.5.

Kwenye mizani tulipoteza saa nzima. Gari lilikuwa zito kwa kilo 22 kuliko tulivyotarajia na hatukuelewa kwa nini, mpaka fundi aliposema alijaza tanki asubuhi. Tanki la gari hili ni lita 60. Kati ya nusu na kujaa ni lita 30, na lita ya petroli ni karibu robo tatu ya kilo. Tukanyonya mafuta mpaka nusu. Mbele 850, nyuma 582, jumla 1,432 pamoja na kilo 3 za waya. Asilimia 59.4. Tumerudi karibu na tulipoanzia, lakini gari ni jepesi kwa kilo 32.

8 Juni: kiyoyozi

Arusha mwezi wa sita mtu anatafuta sweta. Kiyoyozi kinatoka. Kwanza gesi ilivutwa kwa mashine na fundi wa viyoyozi (Sh 40,000). Usifungue mabomba ukaiachia hewani, ni hatari kwa macho na kwa ngozi na inaharibu hewa. Kompresa ina mkanda wake peke yake kwenye EJ20, kwa hiyo unautoa mkanda na kompresa, injini nyingine inabaki kama ilivyo. Kondensa iko mbele kabisa, mbele ya redieta. Jumla kilo 18, zote mbele ya ekseli.

Mizani: mbele 827, nyuma 587, jumla 1,414. Asilimia 58.5.

Duara: sekunde 14.9. Ndoo: sekunde 12.1. Namba ni ndogo, lakini mikono ilisikia kabla ya saa. Ukigeuza usukani kuna jibu linakuja papo hapo, pale ambapo zamani palikuwa na kimya kifupi.

15 Juni: mchanga kwenye buti

Nilisoma sana kuhusu 50 kwa 50 nikaitamani. Tulifunga kilo 50 za mchanga kwenye buti, mwisho kabisa, kwa mikanda ya kufungia mizigo. Mizani: mbele 817, nyuma 647. Asilimia 55.8, kwenye gari lenye uzito uleule lililoanza nao, 1,464.

Duara lilikuwa bora kuliko siku zote, sekunde 14.8. Nikaenda kwenye ndoo nikiwa na uhakika.

Ndoo ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kwenye ya tatu nilirudisha usukani kushoto na mkia ukaendelea kulia. Nikaushika. Kwenye ya nne ulirudi kwa nguvu zaidi, na kwenye ya tano nilikuwa natazama nilikotoka, vumbi limejaa kila mahali. Nilijaribu tena kwa upole: sekunde 13.1.

Aliyewahi kubeba maji kwa mzegazega analijua hili kwa mabega yake. Ndoo mbili, kila moja mwisho wa mti. Kuanza kugeuka ni kazi, na ukishageuka kusimama ni kazi kubwa zaidi, ndoo zinataka kuendelea. Beba ndoo zilezile mkononi, karibu na mwili, uzito ni uleule lakini unageuka unavyotaka. Gari langu lina injini mwisho mmoja. Mimi nikaenda kuweka mchanga mwisho wa pili. Mgawanyo wa asilimia ulipendeza, na gari likawa mzegazega.

Duara halikuonyesha kosa hili kwa sababu kwenye duara gari linageuka kwa mwendo mmoja. Ni kubadili upande ndiko kunakolifichua. Mchanga umetoka siku ileile. Kuanzia hapo nimeacha kutafuta 50 kwa 50. Natafuta kupunguza kwenye ncha na kukusanya katikati. Siti yangu imeshushwa na kurudishwa nyuma kwa sentimita chache, mizani haikuhisi kitu, lakini nimeiacha hivyo kwa sababu kichwa na kifua changu sasa viko chini zaidi.

13 Julai: shokapu mpya, kona mbili tofauti

Nimenunua shokapu zilizotumika kutoka Japani, zenye pete za kupandisha na kushusha springi, Sh 1,450,000, na ufundi wa kufunga Sh 120,000. Aliyezifunga, si katika gereji yetu, alipima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi, akazifanya zote nne zilingane. Gari lilisimama limenyooka, linapendeza kutazama.

Uwanjani likawa magari mawili. Duara la kushoto sekunde 14.7, mkia unachezacheza. Duara la kulia 15.3, pua inakimbia kuliko hata Februari. Nikifunga breki kwa nguvu, tairi ya mbele kulia inafunga kwanza na gari linavuta kushoto.

20 Julai: kusawazisha juu ya mizani

Mbele kushoto 431, mbele kulia 396
Nyuma kushoto 258, nyuma kulia 329

Safari hii sakafu ilikuwa sawa, tuliipima. Mshazari wa mbele kushoto na nyuma kulia unabeba asilimia 53.7. Gari linafanya kama meza yenye miguu miwili mirefu kidogo. Ukikata kulia, uzito unahamia kushoto, unamkuta mbele kushoto ameshabebeshwa tayari, anachoka mapema, pua inakwenda. Ukikata kushoto mambo yanageuka: aliyebebeshwa ni nyuma kulia, mkia ndio unaoachia. Na mbele kulia, aliye mwepesi, ndiye anayefunga kwanza kwenye breki. Dalili zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwenye mizani.

Urefu wa bodi haukwambii haya. Bodi ya miaka 20 haikosi milimita chache huku na huku, na milimita hizo ndizo tulizozigeuza kuwa kilo.

Kurekebisha: fungua linki za stebolaiza mbele na nyuma kwanza, zisiingilie. Kisha shusha pete za mbele kushoto na nyuma kulia, pandisha za mbele kulia na nyuma kushoto, zote kwa kiasi kilekile, ili gari lisilale upande. Kwetu sisi, mzunguko mmoja kwenye pete zote nne ulihamisha karibu kilo 6 kwa kila tairi. Tulikwenda kwa awamu tatu, mizunguko minne na nusu kwa jumla. Kila baada ya awamu: bonyeza gari, subiri, soma. Usisome namba mkono wako ukiwa kwenye bodi. Fundi aliegemea bampa mara moja tukarudi nyuma hatua nzima bila sababu.

Mbele kushoto 405, mbele kulia 422
Nyuma kushoto 284, nyuma kulia 303

Mshazari 708 kwa 706. Linki zikarudishwa urefu ukiwa umerekebishwa, ili bolti iingie kwa kidole bila kulazimishwa, gunia la mahindi likiwa bado kwenye siti. Ukiivuta linki ili bolti iingie, umeurudisha mshazari ulioutoa.

Kesho yake: duara la kulia 14.8, la kushoto 14.8. Ndoo 11.9. Breki zinasimama zimenyooka. Katika mradi mzima hakuna saa tatu zilizonipa faida kama zile, na hazikuhitaji kununua kitu.

10 Agosti: stebolaiza ya nyuma, na mguu wa breki

Pua bado inakimbia kidogo, kwa sababu injini iko palepale ilipo. Tulifunga stebolaiza ya nyuma nene zaidi, milimita 22, yenye matundu mawili ya kurekebisha ugumu wake (Sh 180,000, imetumika). Haihamishi hata kilo moja gari likiwa limesimama. Kazi yake ni kwenye kona: sehemu kubwa ya uzito unaohamia nje inapitia ekseli ya nyuma, hivyo tairi mbili za mbele zinabaki zimegawana mzigo vizuri zaidi. Kwenye tundu gumu gari lilikata vizuri, lakini penye matuta tairi ya ndani ya nyuma ilinyanyuka na kuzunguka bure. Tundu laini ndilo limebaki. Duara 14.6 pande zote mbili, ndoo 11.8.

Kilichobaki nakifanya kwa mguu. Kufunga breki kunahamisha uzito mbele: kwa gari hili kama lilivyo leo, nikikadiria kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi, breki ya kawaida ya kwenye vumbi inachukua karibu kilo 168 kutoka tairi za nyuma na kuzipeleka mbele. Nyuma ya kilo 587 inabaki na 419. Nikiachia breki polepole huku nikigeuza usukani, mkia uko mwepesi kwa sekunde hiyo moja na unakubali kuzunguka, pua inaingia. Nikiachia breki yote kabla ya kugeuza, uzito unarudi nyuma na pua inakimbia kama Februari. Madereva Colin McRae na Richard Burns walishinda mbio za magari za Safari Rally kwa Impreza, McRae mwaka 1997 na Burns mwaka 2000, magari yenye injini ya boksa iliyoning'inia mbele kama hii.

Gharama mpaka leo: kukodi mizani Sh 300,000, mbao, bati na grisi 30,000, waya ulioharibika 54,000, waya mzuri 168,000, fyuzi na boksi 60,000, fundi umeme 60,000, kuvuta gesi 40,000, shokapu na kuzifunga 1,570,000, stebolaiza 180,000, mafuta ya siku saba za majaribio 455,000. Jumla Sh 2,917,000.

Mama wa nafaka ameniuzia gunia la mahindi lililokuwa linakaa kwenye siti, kwa sababu lilikuwa limeanza kunuka petroli. Tumelishona upya, tumeandika 78 ubavuni kwa rangi nyekundu, linakaa gerejini. Hatua inayofuata ni springi za nyuma. Kabla hazijafungwa nitapima tena, tanki nusu.